Michael Grzimek: Kijana Aliyeipiga Serengeti Kutoka Angani

Ukishalipita geti la Lodoare na kuanza kuuzunguka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, kuna mahali utaona mnara mdogo wa mawe. Magari ya watalii hupunguza mwendo kidogo, dereva anasema hapo kazikwa Mjerumani, halafu safari inaendelea, maana wageni wamelipia kuona simba, hawakulipia kuona makaburi. Wanachuo wengi wa Arusha tuliowahi kwenda huko kwa ziara ya mafunzo tumepita pale hivyo hivyo. Tumepiga selfi na kreta, tumeondoka.

Huyo Mjerumani anaitwa Michael Grzimek. Alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934 na akafa tarehe 10 Januari 1959. Piga hesabu mwenyewe: hakufikisha miaka 25. Katika umri ambao wengi wetu tunahangaika na boom, na utafiti wa mwaka wa mwisho, na namna ya kumwambia mzee nyumbani kwamba kuna somo limebaki, jamaa alikuwa ameshapiga filamu mbili ndefu, ameoa, amejifunza kurusha ndege, na ameihesabu Serengeti kutoka angani akiwa na baba yake. Filamu ya pili ilipata Oscar. Yeye alikuwa kaburini tayari.

Simwandiki kwa sababu alikuwa mtakatifu. Namwandika kwa sababu picha aliyoipiga ndiyo picha ambayo dunia inayo kichwani hadi leo ikisikia neno Serengeti, na jiji letu hili linakula kutokana na picha hiyo. Na kuna kitu ambacho picha hiyo ilikiacha nje. Hicho kilichoachwa nje bado kinatugombanisha.

Habari za Michael huwezi kuzisimulia bila baba yake. Bernhard Grzimek alikuwa daktari wa mifugo, na mwaka 1945, vita vilipokwisha, alikabidhiwa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Kukabidhiwa ni neno kubwa. Mji ulikuwa umepigwa mabomu, mabanda yalikuwa vifusi na wanyama waliobaki walikuwa wachache mno. Bernhard aliifufua bustani ile kwa ujanja na kelele nyingi. Alikuwa mtu wa kujitangaza, anayejua kuongea na watu wa kawaida, na baadaye akawa sura maarufu kabisa kwenye televisheni ya Ujerumani Magharibi. Michael alikulia katika mazingira hayo ya wanyama na maonyesho. Baba alikuwa na ulimi, mtoto akashika kamera. Huo mgawanyo wa kazi ulidumu mpaka mwisho, na ndiyo maana baba anajulikana zaidi. Anayeongea hukumbukwa, anayeshika kamera haonekani kwenye picha.

Katikati ya miaka ya 1950 walikwenda Kongo, wakati huo ikiwa koloni la Wabelgiji. Baba alikuwa ameshaandika kitabu kuhusu wanyama wa Afrika wanavyokosa mahali pa kukaa kadiri watu wanavyoongezeka, na Michael akataka kitabu hicho kiwe filamu. Filamu ikatoka mwaka 1956 ikiwa na jina lilelile la kitabu, ambalo kwa Kiswahili tungesema Hakuna Nafasi kwa Wanyama wa Porini. Mwaka huohuo ikapata Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin, upande wa filamu za maisha halisi. Michael alikuwa na miaka 22, yaani umri wangu mimi ninayeandika hapa. Nikiri tu kwamba nilipofika kwenye tarehe hiyo nilifunga daftari kwa muda.

Filamu iliingiza pesa. Grzimek na mwanawe wakaamua kuitoa faida hiyo isaidie wanyama wa Tanganyika, wakafikiria kununua ardhi ya kuongeza Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyokuwa imetangazwa mwaka 1951. Mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, Mwingereza Peter Molloy, aliwapa wazo jingine. Serikali ya kikoloni ilikuwa inataka kubadilisha mipaka ya Serengeti, na watu walikuwa wanabishana bila kujua jambo la msingi: wanyama wako wangapi, na wanakwenda wapi wakihama? Mwaka 1956 profesa mmoja wa Kiingereza, W. H. Pearsall, alikuwa ameletwa kuchunguza na kutoa mapendekezo, lakini yeye alitembea chini. Hakuna aliyekuwa ameitazama nchi yote ile kwa mkupuo mmoja. Basi badala ya kununua ardhi, Molloy akashauri, njooni mhesabu.

Kuhesabu wanyama kwenye nchi pana namna ile kulihitaji ndege, na wale wawili hawakuwa marubani. Wakajifunza. Wakanunua ndege ndogo aina ya Dornier Do 27, inayoweza kuruka polepole sana na kutua mahali pafupi, wakaipaka milia ya pundamilia. Namba yake ya usajili ilikuwa D-ENTE, na Ente kwa Kijerumani ni bata. Mwezi Desemba 1957, bata huyo mwenye milia akaondoka Frankfurt, rubani wake wote wawili wakiwa wapya kwenye kazi, akavuka Bahari ya Mediterania na majangwa mpaka akafika kwetu. Leo mtu akitaka kwenda Mwanza kwa basi la usiku familia nzima inaomba dua.

Kambi yao ilikuwa Banagi, kaskazini ya Seronera, penye kituo cha askari wa wanyama. Hapo ndipo Michael alipofanya kazi iliyomtoa kwenye kundi la watoto wa watu maarufu na kumweka kwenye kundi la mafundi. Tuielewe kazi yenyewe, kwa sababu sisi tumezoea simu.

Kamera ya wakati ule ilikuwa na mkanda, na mkanda mmoja wa kamera ya mkononi ulikwisha baada ya dakika chache tu. Mkanda wa rangi ulikuwa ghali. Ulichokipiga hukioni mpaka mkanda usafirishwe ukasafishwe, na ukikuta kwamba vumbi liliingia au mwanga ulizidi, nyumbu wale hawatarudi kukurudia. Sauti haikurekodiwa pamoja na picha za porini. Iliwekwa baadaye studio. Kwa hiyo mpigapicha alitakiwa kuwa na filamu yote kichwani kabla hajabonyeza chochote. Halafu ongeza na hili: Michael huyohuyo ndiye aliyekuwa anarusha ndege, anahesabu wanyama, na kuwafunga swala na nyumbu mikanda ya rangi shingoni ili waweze kutambuliwa wakihama. Walitumia bunduki za kurushia dawa ya usingizi, kitu kipya kabisa wakati huo. Kila jambo lililofanyika kwa ajili ya sayansi lilipigwa filamu pia, na nadhani huo ndio ujanja mkubwa wa filamu yao. Mtazamaji wa Frankfurt hakuonyeshwa wanyama tu kama kwenye bustani. Alionyeshwa watu wakihangaika kujibu swali, akawa anataka jibu pamoja nao.

Kuhusu kupiga filamu kutoka angani, hapa kwetu tusidanganyane kwamba wao ndio walianza. Wamarekani Martin na Osa Johnson walileta ndege mbili Afrika Mashariki mwaka 1933, moja ikiwa imepakwa milia ya pundamilia na nyingine madoa ya twiga, wakapiga filamu juu ya makundi ya wanyama na juu ya milima mikubwa. Milia ya bata wa Frankfurt ina babu yake, basi. Martin naye alikufa kwa ajali ya ndege, huko California mwaka 1937. Tofauti ni kwamba akina Johnson walikuwa wanauza msisimko, tembo anakuja mbio na mama ana bunduki. Akina Grzimek walikuwa na hoja. Walitaka sheria fulani isipite.

Walihesabu hivi. Waliigawa nchi vipande vipande, halafu wakapita juu ya kila kipande kwa mistari, kwenda na kurudi, kama trekta linavyolima shamba. Ndege iko chini, mwendo ni mdogo, kila mtu anahesabu upande wake. Mwishoni walipata wanyama wakubwa 366,980, na kati yao nyumbu walikuwa 99,481. Kwa hesabu hizo na ramani za uhamaji wakasema kwamba mipaka mipya inayopendekezwa ni makosa, kwa sababu makundi hutumia sehemu ya mwaka kwenye nyanda za mashariki ambazo serikali ilikuwa inataka kuzitoa nje ya hifadhi.

Mimi siyo mtu wa sayansi, nasomea ualimu wa historia na Kiswahili, lakini hata mimi nilishtuka nilipoona tarakimu zile zilivyosimama kwa kujiamini mpaka yule nyumbu wa mwisho. Na kweli, waliokuja kuhesabu mwaka 1961 walipata nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu hawawezi kuongezeka maradufu kwa miaka mitatu, kwa hiyo wataalamu wengi wanaona kwamba hesabu ya kwanza iliwaruka wengi. Haiondoi heshima yake. Ilikuwa ya kwanza, na iliwapa wengine kitu cha kusahihisha.

Kinachofurahisha ni kilichotokea baadaye. Filamu ilionya kwamba nyumbu wako kwenye hatari ya kwisha. Miaka ya 1970 inakaribia kwisha, nyumbu wa Serengeti walikuwa wamepita milioni 1. Sababu kubwa ilikuwa sotoka. Ugonjwa huu uliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19, ukaua ng'ombe wa wafugaji na ukaua nyumbu na nyati pamoja nao, na kwa miongo mingi ulikuwa ukiwaua ndama wa nyumbu kila mwaka. Ng'ombe walipochanjwa, ugonjwa ukakosa mahali pa kukaa, na nyumbu wakaacha kufa. Yaani sindano iliyopigwa kwenye ng'ombe wa wafugaji ndiyo iliyofanya zile picha za makundi yasiyo na mwisho ziwezekane. Kwenye vipeperushi vya utalii sijawahi kuliona hilo.

Sasa twende kwenye kile kilichoachwa nje ya fremu.

Wakati Michael anaruka juu ya Serengeti mwaka 1958, chini yake kulikuwa na watu. Wamasai walikuwa wakichunga Moru na sehemu nyingine za nyanda zile. Mwezi Aprili mwaka huo, wazee 12 wa Kimasai waliweka alama zao kwenye karatasi ya serikali kukubali kuondoka upande wa Serengeti, nao wakaahidiwa haki ya kuishi na kuchunga Ngorongoro. Mwaka 1959 sheria ikaligawa eneo mara mbili: Hifadhi ya Taifa ya Serengeti isiyokaliwa na watu, na eneo la Ngorongoro ambako watu, mifugo na wanyama wangeishi pamoja. Kwa akina Grzimek mgawanyo huo ulikuwa kushindwa, maana mpaka mpya uliziacha nje nyanda walizozipigania. Kwa Wamasai ulikuwa kupoteza Serengeti ili wabaki na Ngorongoro. Kila upande uliondoka mezani ukiamini umeonewa.

Msimamo wa Bernhard ulikuwa wazi na aliuandika bila kuficha: hifadhi ya taifa lazima iwe pori tupu, asikae humo mtu yeyote, awe mgeni au mwenyeji. Mwanawe alimezaje jambo hilo moyoni, hatuwezi kumsemea. Alichotuachia ni picha. Na picha zinasema. Kutoka angani, nyumbu 10,000 wanaonekana vizuri sana, wanatiririka kama maji. Boma moja la Kimasai kutoka juu ni duara dogo la miiba, la rangi ya udongo uleule. Kamera ikiwa juu inawapendelea walio wengi na wanaotembea. Mzee aliyekaa chini ya mgunga anayejua kwa nini nyasi za upande ule huliwa kwanza na za huku baadaye, huyo kamera ya angani haimwoni kabisa.

Mwaka jana nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule moja ya kata huko Monduli. Kipindi kimoja nikawaambia kidato cha kwanza wachore Serengeti, kwa sababu nilitaka kuanzisha mada ya mazingira na sikuwa na zana nyingine zaidi ya chaki. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 60. Walichora simba, mgunga wenye kilele bapa, jua linazama, na Land Cruiser iliyofunguliwa paa. Kuna mmoja alichora ndege. Wengi wa watoto wale ni Wamasai na babu zao walichunga sio mbali na huko. Hakuna aliyechora ng'ombe. Hakuna aliyechora mtu, ukiacha Wazungu ndani ya gari. Nikawa nimesimama mbele ya darasa najiuliza watoto hawa, ambao wengine hawajawahi hata kufika Serengeti, picha hii wameitoa wapi.

Siwezi kusema wameitoa kwa Michael peke yake. Kuna kalenda, kuna matangazo, kuna televisheni. Lakini ukifuatilia mto huo kwenda juu, utafika kwenye ndege ya milia.

Tarehe 10 Januari 1959 kazi ilikuwa inakaribia mwisho. Michael aliruka akiwa peke yake. Juu ya uwanda wa Salei, ule ulio kati ya nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, ndege iligongana na tumbusi. Ndege yule mkubwa alilipiga bawa la kulia na kuharibu nyaya za kuiongozea ndege, ikaenda chini. Michael alifia hapo. Akazikwa siku ileile Ngorongoro, juu ya ukingo wa kreta. Aliacha mke kijana na familia changa Ujerumani.

Baba yake alirudi kazini. Wengine watamwona ana moyo wa jiwe. Mimi naona ni mtu ambaye angesimama angeanguka. Kulikuwa na kijana mwingine kwenye kazi ile ya filamu, Alan Root, aliyekulia Kenya, mdogo kwa Michael kwa miaka mitatu. Yeye na wapigapicha wenzake wakamalizia sehemu zilizobaki, na Root akaja kuwa mmoja wa wapigapicha wakubwa wa wanyama duniani. Filamu ikatoka katikati ya mwaka 1959 pamoja na kitabu, zote zikiitwa Serengeti Haitakufa kwa tafsiri ya Kiswahili. Mwezi Aprili 1960, huko Hollywood, ikapewa Oscar ya filamu bora ndefu ya maisha halisi. Jina lililosomwa ni la Bernhard.

Hapa ndipo Arusha inapoingia kwa miguu yote miwili. Kijiografia Serengeti yenyewe kwa sehemu kubwa iko Mara na Simiyu, ndugu zetu wa huko hutukumbusha kila mara na wana haki. Lakini mlango wake umekuwa Arusha. Bernhard, akiwa kwenye kipindi chake cha televisheni, siku moja aliwatangazia watazamaji kwamba sasa wanaweza kununua safari ya kikundi kwenda Afrika Mashariki kuona wanyama kwa bei ya kawaida. Safari hizo hazikuwepo. Alizitunga. Watu wakamiminika kwenye ofisi za usafiri kuziulizia, na ofisi zikalazimika kuzianzisha. Fikiria ofisi zote za safari unazoziona ukitoka Mnara wa Saa kwenda Sekei, mafundi wanaorefusha Land Cruiser gereji za Njiro, wapishi wa kambi, wabeba mizigo, na vijana wetu wanaosoma Kijerumani jioni wakitafuta kazi ya kuongoza wageni. Si wote wametokana na uongo ule mmoja, ila uongo ule ulikuwa miongoni mwa mbegu.

Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, mkutano mkubwa wa uhifadhi wa Afrika ulifanyika hapahapa Arusha, na Nyerere akatoa tamko kwamba serikali ijayo itawatunza wanyama. Waliokuwa wanaogopa kwamba Waafrika wakishika nchi watakula nyumbu wote wakatulia. Tanzania imetenga ardhi kwa ajili ya wanyama kwa kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazijafikia. Kwenye hilo tuna haki ya kujivuna, tena kwa sauti.

Na kamera zilivyokwishajua njia, hazikukawia kurudi. Upande wetu wa Mlima Meru, kreta ya Ngurdoto ilifanywa hifadhi mwaka 1960, na mwishoni mwa mwaka huohuo Howard Hawks akaja na John Wayne kutengeneza Hatari!, filamu ya watu wanaokamata wanyama wa kuuza kwenye bustani za Ulaya na Marekani. Kambi kuu ya hadithi ni Momella. Mpigapicha wake, Russell Harlan, alipendekezwa kwa Oscar ya upigaji picha, na mwigizaji wa Kijerumani Hardy Krüger aliipenda Momella mpaka akanunua shamba pale na kuishi miaka kadhaa. Wenzetu wanaosoma Usa River na Tengeru wanapita njia panda ya kwenda huko kila wiki. Sasa ukizitazama Hatari! na Serengeti Haitakufa kwa mfuatano, utacheka kidogo: moja inawafukuza vifaru kwa gari ili iwauze, nyingine inalia wasiishe, na zimepishana miaka mitatu tu. Ila mtu mweusi kwenye filamu zote mbili yuko palepale, nyuma ya gari, ameshika kamba.

Hilo la kamba linaniuma kuliko mengine. Pale Banagi kulikuwa na askari wa wanyama wa Kiafrika, wapishi na vibarua. Walijua kusoma nyayo, walijua kijito gani kina maji mwezi gani. Kazi ya Michael isingekwenda wiki mbili bila wao. Kazi yake imeandikwa, yao imebaki kwenye pembe za picha.

Najua kuna wenzetu wa shahada za wanyamapori na utalii watakaosoma makala hii na kusema nimemhukumu marehemu kwa vipimo vya leo. Sawa. Lakini Wamasai wa mwaka 1958 hawakuhitaji kusubiri vipimo vya leo kujua kwamba wanahamishwa. Na ahadi waliyopewa ya Ngorongoro imerudi mezani katika maisha yetu, maana tangu 2022 serikali imekuwa ikihamisha maelfu ya wakazi kwenda Msomera, wilayani Handeni. Serikali inasema wanahama kwa hiari na kwamba eneo limelemewa na watu na mifugo. Wanaopinga wanasema huduma zilibanwa mpaka hiari ikaisha maana. Kwenye vimbweta hapa chuoni nimeona rafiki wakinuniana wiki nzima kwa ajili ya mjadala huo. Ninachojua ni kwamba pande zote mbili zikitaka kuonyesha ukweli wao huweka picha, na mara nyingi picha hiyo imepigwa na drone kutoka juu.

Kwa upande wa Michael mwenyewe, nabaki na kigugumizi. Angefika miaka 40 angeona hesabu yake ikisahihishwa, angeona nyumbu wakijaa kwa sababu ya chanjo ya ng'ombe, angekutana na watafiti Watanzania wenye shahada zao. Pengine angebadilika, pengine angekuwa mkali kuliko baba yake. Maabara ya utafiti iliyojengwa Serengeti baada ya kifo chake ilipewa jina lake, na kutokana na kazi iliyoanzia hapo ikaja Taasisi ya Utafiti ya Serengeti mwaka 1966. Kuna Watanzania waliojifunza sayansi yao humo. Bernhard alifariki mwaka 1987 na majivu yake yakaletwa Ngorongoro, akalazwa pembeni ya mwanawe.

Nina ombi kwa wizara ya burudani ya serikali yetu ya wanafunzi. Projekta ya ukumbi mkubwa huwa inatumika kwa mechi tu. Tuonyesheni filamu hii Ijumaa moja, ni saa moja na nusu hivi, halafu tuite wanafunzi wa Ngorongoro na Loliondo walio hapa chuoni wakae mbele waeleze wanachokiona humo ambacho sisi wengine hatukioni. Na wale mnaoishi maeneo hayo, likizo ijayo mkirudi nyumbani, kumbukeni kwamba aliyekuwa layoni wa miaka 18 Moru mwaka 1958 sasa amevuka 80. Kaeni naye chini, simu ikiwa usawa wa macho yake, mrekodi.